Kiti Alichomnyima Pesek

Kinyongo cha Kapteni Verlyn Tostenrud dhidi ya Roland Pesek kilijulikana na kila rubani wa shirika la ndege la Norlake, na hata wasafisha ndege wa Minneapolis walikuwa wakikifanyia mzaha. Wengi walisahau, au walijifanya wamesahau, kwamba zamani wawili hawa walikuwa chanda na pete. Waliajiriwa siku moja. Wakapanga chumba kimoja karibu na uwanja wa ndege, wakala supu za kopo na kuazimana mashati ya sare. Mwaka wa ule mgomo mkubwa walisimama pamoja nje ya uwanja na mabango shingoni, mwezi wa Januari, theluji magotini, na Verlyn alipoanza kunung'unika kwamba heri arudi kazini, Pesek alimkamata kola. "Ukivuka mstari huu," alimwambia, "mimi na wewe basi." Verlyn hakuvuka, na tangu siku hiyo alimheshimu Pesek kuliko kaka yake wa kuzaliwa.

Kwa hiyo mtu asiseme kwamba Verlyn aliumbwa na roho mbaya. Roho mbaya aliipata ukubwani, tena aliipata kwa kumwamini mtu.

Rubani huku kwetu ni namba yake. Unapewa siku unayoajiriwa, na hiyo ndiyo inayoamua utarusha ndege gani, utalala mji gani, na Krismasi utaila nyumbani au hotelini Bismarck peke yako. Aliye mbele yako huchagua kwanza, wewe unachukua mabaki yake. Ukihamia shirika lingine unaanza mkiani, hata uwe na mvi kichwa kizima. Verlyn alikuwa mbele ya Pesek kwa namba moja tu, maana walioajiriwa siku moja hupangwa kwa umri, na yeye alimzidi mwenzake kwa siku chache. "Mkubwa wangu!" Pesek alikuwa akimwita wakikutana, na kumvulia kofia kwa mbwembwe, nao wakacheka mpaka watu wakageuka.

Nyumbani, Verlyn alikuwa na mke, Marlys, na Marlys alikuwa na shamba kichwani. Lilikuwa shamba la wazazi wake karibu na Fergus Falls, ambalo sasa lilikuwa mikononi mwa kaka yake, Lowell. Lowell alichoka kulima. Alikuwa tayari kuliuza, lakini alimwahidi dada yake kwamba atasubiri mpaka Verlyn astaafu, achukue pensheni yake ya mkupuo, yote kwa mara moja, na kulinunua. Marlys alishaamua meza ya jikoni itakaa dirisha gani, na mumewe alishakubali, kama anavyokubali mwanamume ambaye hajaulizwa.

Ndipo shirika lilipoanza kulia kwamba linafilisika. Mafuta yamepanda, abiria wamepungua, wadai wako mlangoni, enyi marubani tuachieni robo ya mishahara yenu tuokoe ajira zenu. Wakurugenzi walisema hayo bila kugusa marupurupu yao wenyewe. Chama cha marubani kikaunda kamati ya mazungumzo, na uenyekiti akapewa Pesek, kwa sababu alikuwa na kichwa cha hesabu na koo lisilochoka.

Makubaliano yalipofikiwa, marubani waliitwa kwenye ukumbi wa hoteli kule Bloomington wayajadili kabla ya kupiga kura. Pesek alisimama mbele akiwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Robo ya mshahara!" alifoka kapteni mmoja mnene wa safu ya mbele. "Roland, hao jamaa walikupa chai au walikupa dawa ya usingizi?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Walitaka theluthi," Pesek alijibu. "Nimewarudisha nyuma mpaka robo. Tukikataa wanakwenda mahakamani, na jaji atauchana mkataba wote mbele ya macho yetu."

"Acha auchane! Tutagoma!"

"Utagoma wewe unayestaafu keshokutwa?" Sauti ilitoka nyuma, kwa Denise Kowalke, rubani msaidizi ambaye namba yake ilikuwa karibu ya mwisho. "Sisi wa mkiani ndio tutakaotupwa nje, mzee. Mimi deni la shule ya urubani ni kubwa kuliko la nyumba. Ukitaka kufa kishujaa, kufa peke yako, usinishike mkono."

"Ati nini? Hizo posho unazokula leo unadhani nani alizipigania?"

"Wewe. Na ukazila nyingi kabla sijafika."

Hapo kelele zikazuka, huyu anapiga meza, yule anataka maikrofoni, mpaka mtu mmoja akauliza jambo ambalo wote walikuwa wakiliogopa. "Na pensheni je?"

Pesek akaweka viganja vyake viwili mezani. "Pensheni haiguswi. Wamenipa neno lao. Tunaachia mshahara, tunabaki na pensheni."

Watu walitazamana. Hawakumwamini, na Pesek aliliona hilo. Ndipo Verlyn aliposimama. Hakuwa mtu wa kusimama kwenye mikutano, na labda ndiyo sababu walimsikiliza.

"Huyu mtu namjua," alisema. "Nimekaa naye chumba kimoja, nimesimama naye kwenye theluji wakati baadhi yenu mlikuwa mkinyonya. Akisema haiguswi, haiguswi. Akiwaangusha, njooni mnidai mimi."

Makubaliano yakapita kwa tofauti ya kura chache, na kila mtu alijua ni maneno ya Verlyn yaliyoyapitisha.

Mwaka haujaisha, shirika likaigandisha pensheni. Kumbe ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu kimoja cha mlango wa nyuma, na mawakili wa shirika wakapitia humo wakiwa wamevaa tai zao. Kuanzia siku hiyo pensheni ya kila rubani iliganda pale ilipofika, isiongezeke hata senti. Mkupuo ulikuwepo bado, lakini nani angeamini tena kitu kinachosemwa na Norlake?

Verlyn alipoingia chumba cha marubani asubuhi iliyofuata, alikuta kipande cha boksi kimening'inizwa kwenye ndoano ya koti lake. Kimeandikwa: MDHAMINI. Siku ya kwanza alicheka. Wiki ya pili jina lilikuwa limeshamganda, na vijana ambao hawakujua hata lilianzaje walikuwa wakimsalimia nalo. "Hujambo, Mdhamini?" Alikuwa akitabasamu huku meno yakimuuma kwa kusagana.

Alimsubiri Pesek kwenye maegesho ya magari ya wafanyakazi.

"Uliniambia haiguswi."

"Na mimi waliniambia haiguswi, Verlyn. Wametudanganya sote."

"Sikusimama mbele ya watu kuwadhamini wao. Nilikudhamini wewe."

"Bwana, na mimi si nimeumia vilevile?"

"Wewe umeumia," Verlyn alisema. "Mimi nimechekwa."

Pesek alinyoosha mkono amguse bega. Verlyn akausukuma, akaingia kwenye gari lake, na kuanzia hapo simu za Pesek alikuwa akizikata zikilia tu.

Basi kisasi kikaanza, na kilianza kwa namba. Pesek alikuwa akiishi Milwaukee kwa sababu mama yake mzee sana alitunzwa huko kwenye nyumba ya wazee. Kila mwezi marubani walipochagua safari, Pesek aliomba zile zinazolala Milwaukee ili hata Jumapili ya kazi akae na mama yake. Verlyn hakuwahi kuzitaka safari hizo maishani mwake. Sasa alizitaka zote. Alikuwa mbele kwa namba moja, na namba moja ilimtosha. Alizichukua, Pesek akabaki na Bismarck na Fargo. Ijumaa jioni Verlyn alikaa peke yake kwenye mgahawa wa Milwaukee ambako hakujua hata mtu mmoja, akala samaki wa kukaanga na kabichi, na nawaambieni samaki yule alikuwa mtamu, kwa sababu kila tonge lilikuwa limeporwa kwa Pesek.

"Milwaukee tena?" Marlys aliuliza akikunja mashati yake. "Una mwanamke huko?"

"Nina Pesek huko."

Marlys aliweka shati chini. Alikuwa amesikia kwa wake wa marubani wengine kwamba baadhi ya makapteni wazee wanaondoka kimyakimya na mikupuo yao, hata kama imeganda, kabla shirika halijafikiria uovu mwingine. "Ondoka na wewe," alisema. "Umeshafika umri wa kuruhusiwa. Kilichopo kinatosha kumlipa Lowell. Tutakula viazi, lakini tutakuwa kwetu."

"Nikiondoka leo, kesho yake anapanda namba. Anakaa kwenye nafasi yangu."

"Akae! Na shamba?"

"Shamba halina miguu."

"Lowell anayo," alisema Marlys. Verlyn akachukua begi lake akatoka.

Wakati huo shirika lilikuwa limerudi mezani kutaka zaidi. Safari hii mazungumzo yalifungwa kwa kufuli: kila mjumbe wa kamati, Pesek akiwa bado mwenyekiti, aliapishwa asitoe neno nje, na akatia saini kwamba yeye mwenyewe hatastaafu mpaka mazungumzo yaishe. Minong'ono ilikuwa mingi, habari za hakika hakuna. Aprili ilikuwa inakaribia kwisha.

Asubuhi moja ya Ijumaa, Verlyn alikuwa kwenye kiti chake cha ukapteni pale Milwaukee, ndege imejaa mpaka pomoni, Denise Kowalke akiwa rubani msaidizi kulia kwake. Mhudumu wa lango akachungulia. "Kapteni, kuna rubani anaomba kiti cha ndani."

Nyuma ya kapteni kuna kiti kidogo cha kukunja. Rubani asiye kazini anayetaka kusafiri ndege ikiwa imejaa hupewa hicho, lakini lazima aje mwenyewe mlangoni, kofia mkononi, aombe. Ni adabu tu. Anayeomba huambiwa karibu kabla hajamaliza sentensi. Watu walionyimwa kiti hicho ni wale waliovunja mgomo, na hao hunyimwa mpaka wanaingia kaburini. Kumnyima mwanachama mwenzako ni kumwambia mbele ya dunia kwamba yeye ni mmoja wa wale.

Aliyesimama mlangoni alikuwa Roland Pesek. Kofia aliishika kwa mikono miwili.

"Habari ya asubuhi, Kapteni. Naomba kusafiri nawe."

Verlyn hakugeuka mara moja. Alimaliza kuweka kikombe chake cha kahawa mahali pake, taratibu, kama bibi arusi anayepanga zawadi. Miezi mingapi alikuwa amekiota kitu hiki kitandani? Na sasa kimejileta chenyewe, kimevaa sare.

"Kiti hiki ni cha marubani," alisema.

Denise aliinamisha macho. Wahudumu wawili waliokuwa wakipanga vinywaji wakaacha.

"Verlyn." Pesek alishusha sauti. "Sikuja kwa ajili ya kiti. Toka hapo nje kidogo, tusimame wawili. Dakika mbili tu. Nakuomba."

"Una jambo, sema hapa."

Pesek alimtazama Denise, akawatazama wahudumu. "Hapa siwezi."

"Basi huna jambo. Mwambieni bwana huyu ashuke, tufunge mlango."

"Verlyn, kwa ajili ya Marlys..."

"Usimtaje mke wangu! Ulishauza vya kutosha nyumbani kwangu. Shuka!"

Pesek akavaa kofia yake, akashuka, na mlango ukafungwa. Verlyn alihisi joto tamu likimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Aliipaisha ndege ile kama kijana.

"Labda alikuwa na jambo kweli," Denise alisema walipokuwa juu ya mawingu.

"Alikuwa nalo. Alitaka kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kura nyingine inakuja."

Kufikia jioni habari ilikuwa imeenea kila chumba cha marubani. Kile kipande cha boksi kikatoweka. Watu wakamnunulia bia, wakamtaka arudie tena ile ya "kiti hiki ni cha marubani", naye akairudia, kila mara akiitia chumvi kidogo. Alimsimulia na Marlys. Marlys peke yake hakucheka.

Mwezi Mei ulipoanza, shirika likaingia mahakamani na kuivunja pensheni kabisa. Jaji akatia saini. Waliokuwa wamepeleka karatasi za kustaafu kabla Aprili haijaisha walichukua mkupuo wao, asante na kwaheri. Waliobaki wakaachiwa bima ya pensheni ya serikali, ambayo ingewapa kila mwezi kiasi cha kununulia mboga na kulipia taa. Verlyn alikuwa miongoni mwa waliobaki. Alipiga ngumi mlango wa gereji mpaka ukabonyea, na jina alilokuwa akilitaja kwa kila ngumi mnalijua. Lowell alimwambia dada yake kwamba atasubiri mpaka Krismasi, labda muujiza utatokea, maana alimpenda. Verlyn naye akaendelea kuchukua safari za Milwaukee, kwa hasira mara mbili ya mwanzo.

Oktoba alifariki kapteni mmoja mstaafu aliyewafundisha wote wawili kazi, na baada ya ibada watu walishuka chini ya kanisa kula mikate ya nyama na viazi vya kuoka. Verlyn alikuwa karibu na birika la kahawa, amezungukwa na wenzake, Marlys kando yake na sahani mkononi, Pesek alipokuja na kikombe kitupu. Alikuwa amekonda.

"Karibu, mwenyekiti," Verlyn alisema kwa sauti ya kusikika. "Umekuja kulipigia bei na jeneza?"

Mmoja wawili wakacheka. Pesek alijaza kikombe chake, akakiweka mezani bila kunywa, na hakumtazama Verlyn. Alimtazama Marlys.

"Mumeo alikusimulia habari za Milwaukee, nilivyoomba kiti?"

"Alimsimulia kila mtu."

"Alikwambia niliomba dakika mbili?"

"Aliniambia."

"Nilitaka kumwambia apeleke karatasi zake za kustaafu siku ileile, kwa sababu mwezi ukiisha mkupuo umekufa. Nilikuwa chini ya kiapo, Marlys. Ningeandika au ningepiga simu, ningeshitakiwa. Mdomo kwa sikio ningeweza kukana. Mimi mwenyewe nilishafungwa, nilikuwa nimetia saini sitoki. Yeye alikuwa huru."

"Mwongo huyu," Verlyn alisema.

"Muulize Denise kama sikumwambia mumeo ni kwa ajili yako."

Hakuna aliyekuwa akitafuna tena. Marlys alikuwa ameishika sahani yake wima mpaka mkate ukateleza chini. "Mbona unatuambia leo?" aliuliza. "Leo itatusaidia nini?"

"Haitasaidia kitu," Pesek alisema. "Ningeweza kunyamaza nife nayo. Mama yangu amefariki mwezi wa nane, siku ya Jumapili, akiniulizia. Mimi nilikuwa Bismarck." Hapo ndipo alipomgeukia Verlyn, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Nimesema ili uumie, Mkubwa wangu. Ukilala, ukiamka, uumie."

Akachukua koti lake akaondoka. Kahawa yake ilibaki pale mezani, na hakuna aliyetaka kuiondoa.

Verlyn aliendesha gari kurudi nyumbani, Marlys kando yake, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa yakipita pande zote mbili.

"Nataka uniambie kweli," Marlys alisema mwishowe. "Sitapiga kelele. Kama ungetoka ukasimama naye zile dakika mbili, akakwambia staafu leo, ungestaafu?"

Verlyn alifikiri. Alitamani sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa rahisi, lilikuwa hapo ulimini, na lingemwachia angalau Pesek wa kumlaumu, au bahati, au mlango. Lakini walikuwa wameoana miaka mingi mno.

"Hapana," alisema. "Ningedhani ananitega ili apande namba."

Marlys alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa majibu ya daktari aliyoyajua tangu mwanzo. Akafungua mkoba, akatoa simu.

"Lowell? Ni mimi. Usisubiri Krismasi, kaka. Uza." Akasikiliza. "Hapana, Verlyn haumwi. Yuko hapa, anaendesha."